Ukuta Niliousogeza

Sehemu ya Tano

Kwa wale mliokosa gazeti la wiki iliyopita, nitawaeleza kwa ufupi, maana aibu haina utamu wa kusimuliwa mara mbili.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mwalimu Breki, kwa sababu gari la shule yetu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu, na yangu ndiyo huchakaa kwanza. Gari hilo lilikufa giaboksi wiki tatu kabla ya mtihani. Wiki hiyohiyo ofisi ya mtihani ikabadilisha njia. Watahiniwa sasa wangeshuka mteremko wa kinu cha unga na kukata kona iliyo chini yake, kona ambayo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuikata.

Ugonjwa wangu mnaujua. Nacheza mchezo wa magari kwenye televisheni. Si ule wa kuzunguka uwanja mmoja mpaka kichwa kikuume. Ni ule wa dunia nzima, unaendesha utakako, unaruka makorongo, unakatiza bustani za watu na hakuna anayekuuliza. Ndani yake kuna karakana ya kujenga barabara zako mwenyewe. Basi nikaijenga njia ya mtihani, kutoka lango la ofisi mpaka kinu cha unga, nikawaita wanafunzi wanne nyumbani kwangu wajifunzie humo.

Lakini mchezo ule una sharti. Barabara uliyoijenga humwachii mtu mwingine mpaka uimalize mwenyewe kwanza bila kugonga. Na mimi, mwalimu kwa miaka kumi na sita, kona ya kinu ilinishinda mara thelathini na moja. Nikaona haya. Nikausogeza ukuta nyuma, mita nne tu, nikapita, nikanyamaza.

Niliwaacha pale nilipofika kwenye kona yenyewe, ile ya kweli, nikakuta gari la mtihani limeingiza pua ukutani, mlango wa dereva uko wazi na dereva hayupo. Dereva alikuwa shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, mmoja wa wale wanne.

Aliyenipokea ni mlinzi wa kinu. Mzee wa watu alikuwa ameshika kopo la maji, hajalinywa.

"Dereva yuko wapi, mzee wangu?"

"Wamempakia kwenye lori la unga, wamempeleka hospitali. Ni mkono tu. Anatembea."

"Na wewe je?"

"Mimi unaniona. Kiti changu ndicho hakipo."

Akanyoosha kidole chini ya gari. Miguu miwili ya kiti ilikuwa imechomoza kando ya tairi.

"Nimekikalia miaka tisa," akasema. "Leo kiu ndiyo iliyoninyanyua."

Nikautazama ukuta. Kutoka ukingo wa lami mpaka kwenye matofali hapakutosha kupita hata mkokoteni. Nilikuwa nikijua hivyo, ndugu zangu. Msidhani sikujua.

Mtahini alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba, leso kwenye paji la uso. Huyu ndiye Kalamu Nyekundu, mtu ambaye amewafelisha watu wazima wakalia mbele ya watoto wao.

"Mwalimu Breki," akaniita. "Huyu mwanamke umemfundisha wewe?"

Nikajua yamenifika. "Mimi, bwana."

"Hongera."

Nilidhani ananidhihaki. Akanipa karatasi yake ya maksi. Kwa wino mwekundu alikuwa ameandika "Anaendesha vizu", kisha mstari mmoja mrefu uliokwenda mpaka nje ya karatasi.

"Nilikuwa nimeinama naandika hilo," akasema. "Ndiyo maana mguu wangu haukuwa kwenye breki. Miaka ishirini sijamwandikia mtu neno vizuri. Sidhani kama nitaliandika tena."

Nikamrudishia karatasi yake. Nilitaka kusema kitu, nikasema pole.

Hospitali nilimkuta shemeji kwenye benchi, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mke wangu alikuwa pembeni yake ameshika viatu vya mdogo wake. Shemeji aliponiona akainuka, kama mwanafunzi mwalimu mkuu anapoingia darasani.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Nimekuaibisha mbele ya watu."

Hebu fikirini. Yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha.

"Kaa chini," nikamwambia, nikawaeleza alichokuwa anaandika Kalamu Nyekundu. "Ilikuwaje?"

"Hata mimi sijui. Nilifanya vilevile ulivyotufundisha. Nilipofika kwenye nguzo ya taa nilikuona kichwani umesimama kando ya televisheni, umeinua mikono yote miwili. Nikaachia breki, nikaanza kuhesabu."

Hapa niwaeleze. Kona ile nilikuwa nimewafundisha kwa hesabu. Ukiifikia nguzo ya taa unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo unakata. Na ili wasishikwe na woga wakakanyaga breki ovyo, kila walipoifikia nguzo nilisimama kando ya televisheni nikainua mikono yote miwili. Ishara yetu hiyo. Maana yake usiguse breki, hesabu, twende.

"Nikasema moja," shemeji akaendelea. "Nikasema mbili. Tatu sikuiona, shemeji. Sijui ilikwenda wapi."

Mke wangu akanishika bega. "Mwalimu, usijilaumu. Mtu amefundishwa mpaka amesifiwa na Kalamu Nyekundu. Ufanye nini tena?"

Maneno yale yalinichoma. Afadhali angenitukana.

Maana kuna jambo ambalo wiki iliyopita sikuwaambia, nililiruka makusudi. Jana yake jioni shemeji alivaa viatu, akaniambia anakwenda kuitembelea ile kona kwa miguu aizoee. Mimi nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi. Nikamwambia, usijichoshe, shemeji, njia nimeijenga jiwe kwa jiwe, kila kitu kiko hapa kwenye televisheni. Akavua viatu.

Shemeji amekanda mikate miaka sita kwenye chumba cha tanuri, jasho linamtoka tangu asubuhi. Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa amemwahidi kumtoa humo na kumpa gari la kusambazia, kuanzia mwezi ujao, akileta leseni. Hiyo ndiyo ndoto yake yote. Kuendesha gari dirisha wazi, upepo usoni. Alinieleza mara nyingi mpaka nikachoka kumsikiliza.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamuuliza kama amekunywa chai.

Simu ikalia. Mkurugenzi wa shule yetu, ananitaka ofisini.

Mkurugenzi ni mtu wa kutabasamu akiwa na habari mbaya. Siku hiyo alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Akanisukumia fomu juu ya meza.

"Maelezo ya mwalimu," akasema. "Ofisi ya mtihani inataka sababu ya ajali. Kuna visanduku viwili. Kosa la mafunzo, au hali ya mtahiniwa."

"Nikiweka alama kwenye mafunzo?"

"Unavua beji. Leo."

"Na nikiweka kwenye hali ya mtahiniwa?"

"Unaandika neno moja. Hofu. Yeye anasubiri mwaka mmoja ndipo aruhusiwe kurudia, wewe kesho unaendelea na kazi. Nakala inapelekwa kwake aweke sahihi."

"Mwaka mmoja kazi haitamsubiri."

"Mwalimu, wewe umeona kona yenyewe. Mtu ameendesha vizuri mpaka pale, halafu akaingia ukutani mzimamzima. Kama si hofu ni nini?"

Alikuwa ananiuliza kweli, hakujua. Duniani aliyejua ni mmoja tu.

Nikaandika hofu. Herufi nne. Mwandiko wangu haukutetereka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nikiwa mlangoni akaniambia, "Halafu gari jingine limepatikana. Waliobaki watatu wanamalizia leo saa kumi, njia ileile. Kalamu Nyekundu amekataa kulazwa, atawatahini mwenyewe."

Nikamjibu, "Vizuri sana." Nililisikia hilo kwa masikio yangu mawili, nikatoka zangu nikiwaza beji.

Nyumbani nilifika saa tisa kasoro. Hapakuwa na mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi nilidhani nitakiwahi kifo. Nikawasha televisheni, nikafungua karakana, nikaitafuta ile njia.

Kwanza nilitaka kuwa mwema. Nikaurudisha ukuta mahali pake. Mchezo ukaniambia sharti niimalize njia upya mwenyewe, la sivyo mabadiliko hayatunzwi. Nikashika usukani wa mchezo. Nikagonga. Nikarudia, nikagonga. Mara tano ukuta uleule, mpaka nikasikia mkono unaniuma mahali palepale shemeji alipofungwa plasta.

Nikaona wema umenishinda. Nikabonyeza kufuta. Yakatokea maandishi, je, una hakika.

"Ni hiyo?"

Niligeuka nusura niuangushe usukani. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kikapu mkononi. Hakika sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua nguo za mgonjwa. Ndiyo hiyo barabara aliyojifunzia mwanangu?"

"Ndiyo, mama, ila nilikuwa nataka kuizima, mashine inapata moto."

"Nionyeshe kwanza alipoumia."

Mkwe wako akikuomba kitu, unakifanya. Nikakubali kutofuta, nikaanzisha njia kama ilivyokuwa, ukuta nyuma mita nne, nikijipa moyo kwamba bibi wa watu hajawahi hata kushika rimoti, ataona nini. Akaketi kwenye kochi, kikapu mapajani. Nikamwendesha kutoka lango la ofisi, nikapita sokoni, nikashuka mteremko. Nilipofika kwenye nguzo ya taa nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nikakata kona bila mkwaruzo.

"Simama hapo," akasema.

Nikasimama.

"Rudi nyuma kidogo. Hapohapo."

Akainuka, akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kioo. Mama mkwe alishona midomo ya magunia kwenye kinu kile miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau.

"Hapa nilikuwa nikipita kila alfajiri," akasema, kidole kikiwa katikati ya barabara na ukuta. "Ukiwa na gunia begani unapita ubavuubavu, mgongo unakwaruza matofali. Wewe hapa umepitisha gari."

Nikauweka usukani chini.

"Huu ukuta kausogeza nani?"

"Mchezo wenyewe, mama. Wakati mwingine vipimo vinapotea."

"Mchezo una mikono?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale, kwenye zulia langu mwenyewe. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Mara thelathini na moja, mita nne, viatu alivyovivua shemeji, herufi nne kwenye fomu. Nilitegemea anipige kikapu. Nilikitamani kile kikapu.

Akanitazama kama mtu anayetazama chungu alichokinunua mwenyewe kisha akagundua kina ufa.

"Inuka," akasema. "Na wale wengine?"

"Wengine wepi?"

"Ulisema wanafunzi wanne. Mwanangu ni mmoja. Watatu wanafanya mtihani lini?"

Ndugu zangu wasomaji, mmenisoma wiki tano. Mnaweza kunisamehe ujinga, mnaweza kunisamehe hata uoga. Lakini mpaka mwanamke yule aliponiuliza, wale watatu hawakuwa wamepita kichwani mwangu hata mara moja. Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika kumi na tatu.

Simu za watahiniwa hukusanywa langoni, hiyo ni sheria. Nikapiga ya ofisi ya mtihani. Akapokea karani.

"Simamisheni mtihani," nikasema.

"Wewe nani, na kwa sababu gani?"

"Ni jambo la dharura."

"Dharura ina sababu, mzee. Kusimamisha mtihani sharti niandike jina na sababu kwenye kitabu. Haya, taja."

Mama mkwe alikuwa ananitazama.

Nikakata simu.

"Nitawahi kwa miguu," nikamwambia, na nilikuwa nimeshatoka kabla hajanijibu. Nilisikia tu nyuma yangu akisema, bila kupaza sauti, kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia tangu shuleni. Kandambili moja nikaiacha sokoni. Watu wakanipisha wakidhani nafukuzwa, mmoja akauliza mwizi ni huyu au anayekuja nyuma. Kwenye televisheni njia ile naimaliza kwa dakika mbili na nusu. Kwa miguu ya kweli haina mwisho.

Nilipofika chini ya mteremko, gari lililogonga lilikuwa limeshavutwa. Mlinzi amerudi mahali pake, chini ya ukuta palepale, amekalia ndoo aliyoigeuza. Akanipungia mkono.

Na kwenye nguzo ya taa amesimama shemeji.

Plasta imening'inia shingoni kwa kitambaa. Mkono mzima umeshika karatasi, nikaitambua kwa rangi yake. Nakala ya fomu yangu. Alikuwa anatembea polepole kutoka kwenye nguzo kuelekea ukutani, midomo inacheza, anafika, anageuka, anarudi kwenye nguzo, anaanza tena.

"Shemeji," nikamwita, pumzi imenikatika. "Unafanya nini hapa? Si uko hospitali?"

"Wameniletea hii niweke sahihi. Imeandikwa hofu." Akaikunja kwa vidole vitatu. "Mimi sikuogopa, shemeji. Mambo mengi nayaogopa, lakini pale sikuogopa. Nikasema kabla sijatia sahihi nije nifanye kile nilichotaka kufanya jana."

"Nisikilize..."

"Nimehesabu mara nne. Nimehesabu kwa hatua ndogo, nimehesabu kwa hatua kubwa." Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa ananiuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake. "Tatu iko ndani ya ukuta. Kwako nyumbani ilikuwa wapi?"

Juu ya mteremko likatokea gari jeupe lenye kibao cha mtihani juu ya paa.

Nikamwona aliyeshika usukani. Fundi Seremala, mwanafunzi wangu mtiifu kuliko wote, mtu ambaye hajawahi kunibishia neno. Kando yake Kalamu Nyekundu, plasta kwenye paji la uso. Alikuwa ameinamisha kichwa anaandika.

Shemeji akayafuata macho yangu. Akalitazama gari, akamtazama mlinzi juu ya ndoo yake, kisha akanitazama mimi, na safari hii alinitazama vingine kabisa.

"Na yeye ulimfundisha kuhesabu?"

Nilikimbilia ukingo wa lami, pale kwenye nguzo, nikapiga kelele simama, simama, lakini vioo vya gari vilikuwa vimefungwa. Basi nikafanya anachofanya mtu yeyote anayetaka kusimamisha gari. Nikainua mikono yote miwili juu.

Fundi Seremala akaniona. Uso wake ukachangamka, akatikisa kichwa kunikubalia, na pua ya gari lake, iliyokuwa imeinama kwa breki, ikainuka.

Akaifikia nguzo. Nikaiona midomo yake ikisema moja.